Wanafunzi wa jamii za wachache katika vyuo vya Marekani: ni shughuli zipi za nje ya darasa zinazopandisha alama, na ni zipi zinazozishusha?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za muda huu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mshauri wa masomo katika chuo kimoja cha Marekani, na kila muhula unapoanza, wanafunzi Weusi, Walatino na Wenyeji wa asili huniletea swali lile lile: je, nijiunge na chama, au nibaki na vitabu vyangu? Wazazi wao, hasa wale ambao hawakubahatika kufika chuoni, huwa wameshawajibu kabla hawajafika ofisini kwangu: umekwenda kusoma, hukwenda kucheza. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini jibu hilo, ingawa limetoka kwenye mapenzi, limewagharimu vijana wengi. Naamini vilevile kwamba jibu la upande wa pili, lile la vipeperushi vya vyuo linalomwambia kijana ajiunge na kila kitu, limewagharimu wengine wasiopungua hao.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Kati ya wanafunzi walioanza shahada ya kwanza kwa muda wote katika vyuo vya miaka minne nchini Marekani mwaka 2010, waliohitimu ndani ya miaka 6 katika chuo kile kile walichoanzia walikuwa asilimia 74 kwa wenye asili ya Asia, 64 kwa Wazungu, 54 kwa Walatino, 40 kwa Weusi na 39 kwa Wenyeji wa asili. Ada, maandalizi ya sekondari na hali ya familia vina sehemu kubwa katika tofauti hizo, na sitaki mtu yeyote asome uzi huu akadhani nasema kwamba chama cha wanafunzi kinaweza kuziba pengo la ada. Ninachozungumzia ni ile sehemu ya pengo inayotokana na namna mwanafunzi anavyoishi saa zake akiwa nje ya darasa, ambayo si ndogo, na ambayo kwa kiasi fulani imo mikononi mwake.

Mtu aliyelipa jambo hili umbo la kinadharia ni Alexander Astin wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika makala yake ya mwaka 1984. Hoja yake ni nyepesi kuieleza: mwanafunzi hujifunza na kukua kwa kadiri ya nguvu za mwili na za akili anazowekeza katika maisha ya chuo, na nguvu hizo zina wingi na zina ubora. Kukaa saa tatu maktaba ukiwa umefungua kitabu huku akili imekwenda kwingine ni wingi usio na ubora. Lakini katika makala hiyo hiyo Astin alikumbusha jambo ambalo wanaomnukuu hulisahau, kwamba muda wa mwanafunzi ndiyo rasilimali yake iliyo adimu kuliko zote, na kila saa inayokwenda kwa marafiki, kazini au nyumbani imetolewa mahali pengine. Kwa hiyo hata yeye hakusema kwamba shughuli nyingi ni bora kuliko chache.

Kabla yake, mwaka 1975, Vincent Tinto alikuwa ameeleza kwamba mwanafunzi huacha chuo pale anaposhindwa kuungana na maisha ya chuo, kimasomo na kijamii. Nadharia hiyo imesaidia sana, ila mwaka 1992 William Tierney aliipinga kwa hoja ambayo kila mzazi wa mtoto wa jamii za wachache angeielewa bila kufundishwa: ukimwambia kijana wa kabila la Wenyeji wa asili kwamba ili afaulu ni lazima ajitenge na walikotoka wazee wake na kuungana na utamaduni wa walio wengi, umemwomba alipe gharama ambayo mwenzake Mzungu hajaombwa. Nimewaona vijana walioondoka chuoni, si kwa sababu masomo yaliwashinda, bali kwa sababu walichoka kuigiza.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kimebadilisha namna ninavyofanya kazi yangu, na ambacho ningependa kila mmoja wenu akifahamu kwa undani.

Katikati ya miaka ya 1970, Uri Treisman alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alisumbuliwa na jambo moja: wanafunzi Weusi waliokuwa wakichukua kozi ya hisabati iitwayo kalkulasi walikuwa wakianguka kwa wingi, ilhali wanafunzi wenye asili ya China, wakiwa chuo hicho hicho, walikuwa wakifanya vizuri. Alipowauliza watu wa vyuoni sababu, alipewa majibu manne ambayo hata leo ukiuliza utayapata: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri sekondari, familia hazijali elimu, na ni maskini. Treisman hakuridhika na majibu ya mezani. Alichukua wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya China, akakaa nao, akawafuata wanakosomea, hata akawarekodi kwa kamera wakiwa kazini.

Majibu yote manne yalianguka. Wanafunzi Weusi walikuwa na ari, familia nyingi zilikuwa zimejinyima ili wafike pale, na walikuwa wakisoma saa zile zile walizoelekezwa, takribani 8 kwa wiki kwa kozi hiyo. Tofauti kubwa ilikuwa moja. Walisoma peke yao. Mwanafunzi alifunga mlango, akafanya mazoezi, akaenda darasani, na jioni akakutana na marafiki ambao hawakuwa na habari yoyote juu ya masomo yake. Maisha ya darasani na maisha ya kirafiki yalikuwa vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Wale wa asili ya China walisoma peke yao kwanza, kisha wakakusanyika, wakapika pamoja, wakapitia majibu mmoja mmoja, wakasahihishana, na wakafanyishana maswali ya mitihani ya miaka iliyopita ambayo yalikuwa wazi kwa kila mtu maktaba. Kwa wiki walifikisha saa zipatazo 14. Muhimu zaidi, kila mmoja alijua amesimama wapi. Mwanafunzi aliyekwama kwenye swali alijua kama ni yeye peke yake aliyekwama au ni swali lenyewe lililokuwa gumu kwa wote. Yule aliyejifungia chumbani hakuwa na namna ya kulijua hilo, na mara nyingi alijilaumu yeye.

Treisman alianzisha warsha za kalkulasi ambamo wanafunzi Weusi na Walatino walikutana kufanya maswali magumu kuliko yale ya darasani, tena zikitangazwa kama mahali pa wanaotaka kung'ara, wala si kliniki ya wanaoanguka. Walioshiriki waliwapita kwa mbali wenzao ambao hawakushiriki, na mtindo huo ulienea katika vyuo vingine vingi.

Nimekirudia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake imo hoja yangu nzima. Kinachopandisha alama si uanachama, wala si idadi ya vikundi vilivyoandikwa kwenye wasifu wako. Ni kukutanishwa kwa urafiki wako na masomo yako mahali pamoja. Ukiwa na kikundi cha ngoma ambacho baada ya mazoezi wanachama wake hukaa na kuulizana juu ya mtihani wa kemia, kikundi hicho kinakujenga kimasomo kuliko klabu yenye jina la kitaaluma inayokutana mara moja kwa mwezi kupiga picha. Mimi humuuliza mwanafunzi swali moja tu kuhusu kikundi chake: mkikutana, kuna mtu anayejua umepata ngapi kwenye jaribio lako la mwisho?

Na hili si jambo lililoletwa na watafiti. Waliokuwa wachache walilijua tangu zamani. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cornell, wanafunzi 7 Weusi waliunda udugu wa Alpha Phi Alpha, yaani chama cha wanafunzi wa kiume wanaochukuliana kama ndugu, na historia ya udugu huo inasimulia kwamba ulianza kama kikundi cha kusoma na kusaidiana, baada ya wanafunzi Weusi wa mwaka uliotangulia kutorudi chuoni. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Purdue, hali ilikuwa hivyo hivyo: kwa maelezo ya chama chenyewe, asilimia 80 ya wanafunzi Weusi walioingia uhandisi mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wakiacha masomo. Wanafunzi wawili wakamwendea mkuu wao wa kitivo na wazo la kuunda chama, na mwaka 1975 chama hicho kikawa cha kitaifa, Chama cha Kitaifa cha Wahandisi Weusi, kinachojulikana leo kwa kifupi cha NSBE. Mkutano wa kwanza ulikuwa na wanafunzi 48 kutoka vyuo 32. Hawakukutana kwa ajili ya burudani. Walikutana kwa sababu walikuwa wanaangushwa mmoja mmoja.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, ahsante kwa uzi ulioandikwa kwa uangalifu. Ninafundisha takwimu, kwa hiyo utanisamehe nikiingilia mahali ambapo fani yangu inanisukuma. Tatizo kubwa la tafiti nyingi za eneo hili ni kwamba zinalinganisha wanafunzi waliojiunga na wasiojiunga, kisha zinaona waliojiunga wana alama bora, na zinahitimisha kwamba kujiunga ndiko kulikoleta alama. Huenda ni kinyume chake. Mwanafunzi mwenye alama nzuri ana utulivu wa moyo na muda wa kuhudhuria mikutano, na mwanafunzi anayekaribia kuanguka hujiondoa kila mahali. Vilevile udugu mwingi wa vyuoni huweka kiwango cha chini cha alama kwa anayetaka kuingia, kwa hiyo ukiwakuta wanachama wana alama nzuri hujagundua chochote, kwa sababu walichujwa mlangoni. Hata warsha za Treisman ziliwavutia waliotaka kuja. Je, una ushahidi wowote ambamo watu walipangwa kwa bahati nasibu?

Mleta mada

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na nimelisubiri. Ushahidi wa aina hiyo upo, ingawa haukuhusu vyama moja kwa moja.

Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Weusi na Wazungu, walipangwa katika makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisoma maelezo ya wanafunzi waliotangulia, waliosema kwamba mwanzoni karibu kila mtu huhisi kwamba chuo si mahali pake, na kwamba hali hiyo hupita. Kisha kila mmoja aliandika insha kueleza jinsi hilo linavyolingana na maisha yake mwenyewe, na akaisoma mbele ya kamera kwa ajili ya wanafunzi watakaokuja baadaye. Zoezi zima lilichukua kama saa moja. Katika miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi Weusi waliopitia zoezi hilo zilipanda, na pengo kati yao na Wazungu likapungua kwa nusu. Wazungu hawakubadilika kitu.

Sisemi kwamba saa moja inatosha, na sisemi kwamba matokeo hayo yatajirudia katika kila chuo. Ninachokichukua ni njia iliyopitiwa. Mwanafunzi wa jamii za wachache anapopata alama mbaya, kuna swali la pili linalomjia ambalo mwenzake halimjii: je, hii ndiyo dalili kwamba sikustahili kuwa hapa? Swali hilo likimwelemea, haendi kumwona mhadhiri, haulizi darasani, hajitokezi kwenye kikundi cha kusoma. Likiondolewa uzito, anafanya yale yale ambayo kila mwanafunzi hufanya akikwama. Kikundi kizuri cha wanafunzi hufanya kazi hiyo kila wiki bila mtafiti, kwa sababu ndani yake yumo mtu wa mwaka wa tatu aliyepata alama mbaya katika somo hilo hilo na bado yupo.

Kuhusu udugu unaochuja mlangoni, nakubaliana nawe kabisa, na mimi pia sipendi hesabu zao zitumike kama ushahidi.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo mleta mada. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, na nimesoma uzi huu nikiwa kwenye basi kwenda kazini. Ninaishi nyumbani, ninamlea mdogo wangu, na ninafanya kazi saa 32 kwa wiki katika ghala. Vikundi vyote vya chuo chetu hukutana saa kumi na moja jioni, saa ambayo mimi ninaingia zamu. Nikisoma maandishi kama haya huwa nahisi kama nimeandikiwa kwamba nitaanguka, kwa sababu tu sina nafasi ya kujihusisha. Naomba utuzungumzie na sisi.

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, na nakiri kwamba wengi wetu tunaoandika juu ya mada hii tumekuwa tukiwaandikia wanafunzi wanaolala kwenye mabweni, ilhali sehemu kubwa ya wanafunzi Walatino na Weusi wa nchi hii wanasoma katika vyuo kama chako.

Astin mwenyewe alikuta tofauti ambayo nadhani inakuhusu. Kazi ya muda wote nje ya chuo iliwaumiza wanafunzi, lakini kazi ya saa chache ndani ya chuo, maktaba, maabara au ofisi ya idara, iliwasaidia wabaki. Sababu yake haina fumbo: anayefanya kazi ndani ya chuo hukutana na wahadhiri na wanafunzi wenzake bila kutenga saa nyingine ya kufanya hivyo. Tangu mwaka 1964 serikali kuu ya Marekani imekuwa na mpango wa kulipia kazi za aina hiyo kwa wanafunzi wenye uhitaji. Nenda ofisi ya misaada ya fedha, uulize kwa jina lake mpango wa Federal Work-Study, na uulize kama unastahili kuupata. Najua mshahara wa ghalani huenda ni mkubwa zaidi na sitakudanganya kwamba ni rahisi kuuacha. Hata hivyo, kama saa 10 kati ya zile 32 zingeweza kuhamia chuoni, ningekushauri ufanye hesabu hiyo kwa makini.

Jambo la pili: kujihusisha si mpaka kuwe na kadi ya uanachama. Watu watatu wa darasa lako wanaobaki dakika 40 baada ya kipindi, kabla hujakimbilia basi, ni kikundi. Ukiwauliza wawili tu wiki hii, huenda ukakuta nao wanakimbilia zamu zao na walikuwa wakidhani ni wao peke yao. Tangu mwaka 1968 upo pia mpango wa serikali, mmoja wa ile inayoitwa TRIO, unaowahudumia wanafunzi wa kipato cha chini, wale ambao wazazi wao hawakuhitimu chuo, na wenye ulemavu, kwa kuwapatia wakufunzi na washauri. Uliza kama chuo chako kinao.

Na kwa wakuu wa vyuo, kama wapo humu: kikundi kinachokutana saa kumi na moja jioni kimeshachagua ni nani asije. Tengeni muda wa saa moja wakati wa mchana, usio na vipindi, mara mbili kwa wiki, na mtaona nani atajitokeza.

Mchangiaji wa tatu

Nimesubiri mtu aguse upande wangu. Nilikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi Weusi katika chuo ambacho tulikuwa wachache sana. Kila lilipotokea jambo la ubaguzi, simu ilikuwa yangu. Nilikaa katika kamati tatu za chuo, kwa sababu kila kamati ilitaka sura moja kama yangu. Niliandaa wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya Weusi ambayo chuo kilijisifia kwenye matangazo yake. Mwaka huo nilirudia masomo mawili. Hakuna aliyeniambia punguza. Wote waliniambia wewe ni kiongozi wa mfano.

Mleta mada

Dada, pole sana, na ahsante kwa kulisema wazi. Hili ndilo ninalolihesabu kuwa kosa zito zaidi katika eneo hili zima, na nitakaa nalo kidogo.

Vyama vya wanafunzi wa jamii za wachache vimekuwa vikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Moja ni kuwalea wanachama wake. Nyingine ni kukibadilisha chuo. Historia ya kazi ya pili ni ya heshima: mgomo wa San Francisco State, ulioanza Novemba 1968 na kuongozwa na umoja wa wanafunzi Weusi pamoja na muungano wa wanafunzi wa jamii nyingine za wachache, ulidumu hadi Machi 1969 na kuzaa kitivo kizima cha masomo ya makabila ndani ya taasisi hiyo. Wanafunzi wa leo wanakula matunda ya vijana wale. Lakini kazi ya kuibadilisha taasisi ni kazi ya mshahara. Inapofanywa na kijana wa miaka 20 mwenye vipindi vitano kwa wiki, bila malipo na bila kazi hiyo kuhesabiwa katika masomo yake, mtu mmoja anachukua mzigo ambao ulipaswa kubebwa na ofisi nzima. Samuel Museus, katika utafiti wake wa mwaka 2008 juu ya wanafunzi Weusi na wenye asili ya Asia katika chuo chenye Wazungu wengi, alikuta kwamba vyama vya asili vinawapa wanafunzi mahali panapofanana na kwao, njia ya kusema yao, na watu wa kuwathibitishia kwamba utamaduni wao una thamani. Hayo yote ni ya kweli. Ila anayewatengenezea wengine mahali hapo, yeye anapumzikia wapi?

Wasiwasi wangu ni kwamba mzigo huo unaongezeka. Sheria ya Texas inayojulikana kama SB 17, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, ilizifunga ofisi za vyuo vya umma zilizokuwa zikisimamia masuala ya utofauti na ujumuishi. Sheria hiyo iliwaachia wanafunzi haki ya kuendesha vyama vyao wenyewe, lakini kituo cha tamaduni mbalimbali cha Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ambacho kilikuwa kikivilea vyama hivyo, kilifungwa. Chama kinaruhusiwa kuwepo, aliyekuwa akikishika mkono hayupo tena. Kazi aliyokuwa akiifanya mfanyakazi aliyeajiriwa, sasa inamwangukia mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Kwa wanafunzi ninaowashauri nimeweka kanuni ambayo baadhi huikasirikia: wadhifa mmoja tu kwa wakati mmoja, uongozi wa watu wawili badala ya mmoja, na hakuna kukaa kamati yoyote ya chuo katika muhula ambao una somo gumu kuliko yote ya shahada yako. Chuo kikikuomba ukae kwenye kamati, uliza kwa maandishi kama utalipwa au kama kazi hiyo itahesabiwa katika masomo yako. Wakikataa, umepata jibu la kama wanaithamini kazi yenyewe au picha yako.

Mchangiaji wa nne

Na wanamichezo je? Vijana wengi Weusi huingia chuoni kupitia mpira wa kikapu na wa Marekani.

Mleta mada

Huo unastahili uzi wake, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Tangu mwaka 1991 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kimeweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za mazoezi na mashindano wakati wa msimu, lakini safari, matibabu na yale mazoezi yanayoitwa ya hiari hayahesabiwi humo. Michezo ya ngazi hiyo hufanya kinyume cha ninachokitetea: humtenga kijana na wanafunzi wengine, akala nao wachache, akaishi nao wachache, akasoma na wanatimu wenzake tu. Siwezi kuiweka kapu moja na kikundi cha kusoma.

Mchangiaji wa tano

Mleta mada, mwanangu anaanza uhandisi mwezi wa nane, na kwenye orodha ya darasa lake nimeona vijana Weusi wawili tu, yeye na mwenzake. Ni mtoto mkimya, amezoea kusoma peke yake, na ndivyo alivyofaulu sekondari. Nimwambie nini? Naogopa kumsukuma akapoteza kile kilichomfikisha hapo.

Mleta mada

Mama, usimwambie aache kusoma peke yake. Wale vijana wa Berkeley waliofanya vizuri walianza peke yao pia. Mwambie aendelee hivyo hivyo kwanza, afanye maswali yake hadi akwame, kisha ndipo awe na mahali pa kuyapeleka yaliyomkwamisha.

Wiki mbili za kwanza aende kwenye mkutano wa tawi la NSBE, na kama chuo kina tawi la chama cha wahandisi Walatino, SHPE, aende na huko, kwa sababu matawi mengi hupokea kila mtu. Asiangalie hotuba. Abaki baada ya mkutano kumalizika, na aangalie kama kuna wanaobaki kufungua madaftari, na kama wa mwaka wa juu wanakaa pamoja na wa mwaka wa kwanza. Kama wapo, amepata. Kama hawapo, amwendee yule mwenzake mmoja wa darasani na Mzungu au Mchina yeyote aliyekaa karibu naye, waweke siku moja ya kudumu kwa wiki, mahali pale pale, saa ile ile. Wawe watatu au wanne, wasizidi sana, na kila mmoja aje akiwa ameshajaribu maswali yake. Mbali na hicho, achague jambo moja tu analolipenda kwa moyo, iwe kwaya au mpira wa wikendi, na aliachie hapo hadi matokeo ya muhula wa kwanza yatoke.

Kwa mtoto mkimya, sehemu ngumu ni kuomba mara ya kwanza. Mweleze kwamba karibu kila aliyeketi darasani humo wiki ya kwanza anadhani wengine wote wameelewa. Na wewe ukimpigia simu, badala ya kumuuliza kama anasoma, muulize leo amesoma na nani.

Mtihani wa kwanza wa kalkulasi kwa kawaida huwa wiki ya nne au ya tano. Naomba urudi hapa utuandikie umekwendaje, uwe mzuri au mbaya, ili tuendelee kutoka hapo.